Jina la Mtu Mwingine Kwenye Kazi Yangu

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi ni mzima, na mama hajambo, ila goti lake la kushoto limeanza visa vyake tena; kila akiinuka kwenye kiti lazima alitukane kwanza. Natumaini na wewe huko uliko unakula na unalala kama binadamu.

Najua umezoea vile vijumbe vyako vya simu, "poa dada, niko kazini." Leo sitaki kijumbe. Nataka barua yenye kichwa na miguu, maana nina hasira na sina wa kumwambia.

Ile masjala yetu ya hospitali inahamishiwa kwenye kompyuta. Ameletwa mkuu mpya wa kitengo, kijana wa suti ya kubana. Sisi tumembatiza Bwana Mfumo, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kuutaja mfumo. Jumatatu alitukusanya makarani wote tisa katikati ya makabati, akasema, "Mfumo mpya unahitaji watunza takwimu watatu, watu wanaoweza kuandika programu fupi za kupanga na kutafuta taarifa. Kuna mafunzo ya wiki kumi, mazoezi thelathini. Anayetaka ajiandikishe. Waliobaki mfumo utawatafutia mahali."

Nikanyoosha mkono. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Mama," akasema, "haya mafunzo yamewalenga vijana."

Kuitwa mama si tusi, wewe unajua. Lakini yeye alilitamka kama anayemwonyesha mtu mlango. Nina miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili nimeimaliza mle ndani. Faili likipotea, hata yeye huja kuniuliza mimi.

"Tangazo limetaja umri?" nikamuuliza.

"Halijataja."

"Basi naomba nijiandikishe."

Nimeandikishwa. Nikapewa karatasi moja ya maelekezo ya kuandaa kompyuta nyumbani. Mazoezi yenyewe hayafanywi kwa kubofya vipicha. Unafungua dirisha jeusi lisilo na kitu, unaandika amri kwa maneno, mashine inajibu kwa maneno. Ukimaliza zoezi unalituma, na programu nyingine inalisahihisha. Sasa sikiliza karatasi inavyosema: "Sakinisha tu lugha ya programu. Fungua tu dirisha la amri. Andika tu amri ifuatayo." Nimezihesabu hizo "tu", ziko kumi na moja! Aliyeandika hakuwahi kufikiri kwamba atasomwa na mtu asiyejua. Lingekuwa jambo la "tu", ningehitaji karatasi ya nini?

Ninayo ile kompyuta iliyotupwa na ofisi ya uhasibu. Inawaka, ingawa herufi N haitoki mpaka uigandamize kama unaua mdudu. Wewe ndiye fundi wa mambo haya. Nieleze hatua kwa hatua namna ya kuiandaa, na neno "tu" usiliandike hata mara moja.

Dada yako

---

6 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi nyingi tu. Mpe mama pole ya goti.

Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu ofisini wakageuka kunitazama. Dada, nakuheshimu sana, lakini kwa umri wako kwa nini ujitese hivi? Kuandaa kompyuta kwa kazi hiyo hata vijana wenye shahada huwatoa jasho. Hiyo mashine ya uhasibu itupe. Mwenzangu wa kazini anakuja likizo huko mwisho wa mwezi. Nitampa kompyuta yangu ya zamani, bado nzuri kabisa. Nitaiandaa mwenyewe, niweke kila kitu kinachotakiwa. Wewe utafungua tu.

Kwa sasa pumzika. Usishindane na watoto.

Mdogo wako

---

16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, na goti limepoa.

Nakujibu baada ya siku kumi makusudi, ili hasira ishuke. Haijashuka. Nimekuomba maelekezo, ukanipa pole. Nimekukataza neno moja, ukalirudia. Na ulipofika kwenye "umri wako" niliiweka simu kifudifudi mezani nikaenda kufua mashuka yote ya nyumba hii. Mama akauliza kuna mgeni gani anakuja.

Basi nisikilize mimi mwenye umri. Kompyuta nimeiandaa.

Siku ya kwanza nilitafuta dirisha jeusi kila mahali. Lilikuwepo, limefichwa ndani ya orodha, ndani ya orodha nyingine. Siku ya pili nikaisakinisha ile lugha ya programu, ikachukua saa nzima. Nikaiita kwa jina. Mashine ikanijibu kwamba amri hiyo haijulikani! Nimekuingiza kwa mikono yangu mwenyewe, halafu unaniambia hujulikani? Nilitaka kuipiga kofi.

Mafunzoni tuna mwalimu, binti mmoja mpole wa sauti ya chini. Nilipomlalamikia aliniambia, "Kosa usilikimbie. Lisome mpaka mwisho." Nikarudi na kamusi, nikasoma neno kwa neno. Kumbe mashine ina orodha ya mahali inapotafuta amri, na pale nilipoiweka lugha yangu hapakuwemo kwenye orodha. Yaani faili liko kabatini, ila kabati halijaandikwa kwenye daftari! Kosa hilo nimelisahihisha kwa kalamu maisha yangu yote. Nikapaongeza kwenye orodha, nikaita, ikaitika.

Siku ya tatu nilitengeneza folda nikaiita Mazoezi Yangu. Nikaiamuru mashine iingie humo. Ikasema hakuna kitu kinachoitwa Mazoezi. Nikaona mashine hii ina kiburi. Baadaye nikagundua kwamba ile nafasi kati ya maneno mawili inaihesabu kuwa mwisho wa jina. Sasa folda inaitwa MazoeziYangu, jina limeshikana, na ugomvi umekwisha.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuifanya mashine iandike salamu. Maandalizi siku nne, zoezi lenyewe dakika tano. Nililituma, likarudi limeandikwa SAHIHI. Nilisimama nikazunguka meza. Mama akauliza, "Umeshinda nini?" Nikamwambia, "Imenisalimu." Akasema, "Basi iitikie."

Na jambo moja nikwambie. Nilidhani dirisha jeusi litanitisha. Halinitishi. Hakuna picha, hakuna mapambo. Unaita kitu kwa jina lake kamili, usipokosea unakipata, ukikosea herufi moja hupewi. Hiyo ni masjala, mdogo wangu. Vijana mle darasani wanalichukia kwa sababu wamezoea kupapasa kioo. Mimi nimekuwa nikifanya kazi hii miaka yote, nilikuwa sina umeme.

Kompyuta yako ukitaka kuituma tuma, sitakataa mkono wa ndugu. Ila umri wangu uniachie mwenyewe.

Dada yako

---

24 Februari

Dada,

Shikamoo. Hongera sana kwa zoezi la kwanza. Kweli nimefurahi.

Kompyuta nimeshamkabidhi mwenzangu, atakupigia akifika. Usihangaike kuongeza wala kupunguza chochote. Kila kitu kimo ndani tayari. Utaona mwenyewe.

Mdogo wako

---

5 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima.

Mzigo umefika salama na umefika kwa wakati wake, maana ile mashine ya uhasibu ilizimika Ijumaa wala haijawaka tena. Nilikuwa nimetuma mazoezi sita, yote sahihi. Kwa kompyuta nakushukuru, na shukrani yangu inaishia hapo.

Nimeifungua jana. Nikaona folda imeandikwa "Ya Dada". Nikaingia. Mazoezi yote thelathini yamo, yamefanywa, yamepangwa kwa namba, hata na maelezo ya kuyatuma moja moja kila baada ya siku mbili "ili wasishtuke."

Ili wasishtuke!

Nilikaa pale natazama mpaka mama akaniuliza nani amekufa. Umeyapataje hayo mazoezi? Bila shaka yako wazi kwenye mtandao, ukayachukua, ukakaa ukayafanya kama mchezo. Jioni moja, siyo? Nami nimetumia wiki tatu kwa sita. Ukaona huruma. Lakini hukujiuliza nitafanya nini siku ya kwanza kazini, nikikaa mbele ya mashine ambayo sijui kuiamuru? Nitakupigia simu? Nitakuweka mfukoni?

Miaka ishirini na miwili sijawahi kuingiza faili nisilolifanyia kazi. Umenitumia wizi umeufunga kwenye karatasi ya zawadi.

Nimeifuta folda nzima. Najua amri yake, nimejifunza mwenyewe.

Dada yako

---

8 Machi

Dada,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Wizi. Sawa. Sasa na mimi nina langu, nimelibeba miaka kumi na mitano, leo nalitua.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilitaka useremala. Siyo kwa utani, nilitaka. Fundi wa nyuma ya soko alikuwa amekubali kunichukua, nilikuwa nashinda karakanani kwake nikifagia vumbi la mbao na kujifunza randa. Siku moja nikarudi nyumbani ukaniambia, "Nimekurahisishia." Ulikuwa umekwenda shuleni, umechukua fomu ya chuo, umejaza kozi ya kompyuta, na pale chini umetia sahihi. Kwa jina langu. Kwa mkono wako.

Sikusema kitu, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea baba alipoondoka. Nimesoma, nimefaulu, nina kazi nzuri. Kila mtu anasema dada yako aliona mbali. Hakuna aliyeniuliza.

Leo mimi nimekurahisishia wewe, na nimekuwa mwizi. Aliyenifundisha kumfanyia mtu kazi ya maisha yake bila kumuuliza ni nani?

Mdogo wako

---

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo.

Barua yako niliipata. Sijaijibu, na leo pia siijibu, siyo kwa dharau. Nimeshindwa. Leo nakuandikia kwa sababu nimeitwa mwizi mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, safari hii na watu wa nje.

Nimefanya mazoezi ishirini na tisa. Ishirini na matatu kati ya hayo nimeyafanya kwenye kompyuta yako, moja moja, kwa akili yangu na kamusi yangu. La kumi na nne peke yake limenila siku tano. Jana mchana Bwana Mfumo akaniita ofisini. Mwalimu alikuwepo, ameinamisha uso. Bwana Mfumo akanigeuzia kioo.

"Mama, soma hapa. Imefanywa na nani?"

Nikasoma. Mazoezi sita ya mwanzo yana jina langu. Kuanzia la saba mpaka la mwisho, kila moja limeandikwa jina lako. Jina lako kamili, na la ukoo wetu.

Unajua kilichotokea. Ile programu inayotunza historia ya kazi, ambayo kila badiliko inaliandika limefanywa na nani, ulikuwa umeipa jina lako tangu mashine ilipokuwa yako. Mimi nilifuta folda ya majibu. Sikujua kwamba jina limekaa mahali pengine kabisa, na kwamba kila jasho langu linagongwa muhuri wako.

"Huyu ni ndugu yako?" akaniuliza.

"Ni mdogo wangu."

"Na ni mwandishi wa programu."

"Ndiyo."

Akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. "Mfumo haudanganyi, mama. Sita ulijaribu, ukashindwa, ukamwita mtaalamu."

 Nimepewa barua ya tuhuma ya udanganyifu. Nakala imeingizwa kwenye faili langu la utumishi, faili ambalo miaka yote hii halikuwa na doa. Wenzangu wananisalimu wakiangalia pembeni. Kikao ni tarehe kumi na mbili.

Waandikie ukweli. Jina liliingiaje, folda ilikuwa ya nani, nani aliifanya na nani aliifuta. Nakupa anwani ya ofisi hapo chini. Usinipambe. Andika kilichotokea.

Dada yako

---

10 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako.

Basi.

Dada yako

---

13 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sijui kama unazisoma hizi. Nakuandikia kwa sababu nisipoliandika litanipasua.

Jana saa nne asubuhi niliingia kikaoni. Chumba cha mikutano, meza ndefu, watu watatu: Bwana Mfumo, mwalimu, na afisa utumishi, mama mmoja wa miwani mizito anayesikiliza huku amefumba macho. Bwana Mfumo akasoma tuhuma. Afisa akaniuliza nina utetezi gani. Nikamwambia utetezi wa maneno sina, naomba kompyuta tupu.

"Tupu vipi?" akauliza.

"Isiyo na kitu. Isiyowahi kuguswa na ndugu yangu wala na mtu yeyote."

Bwana Mfumo akasema muda hautoshi, kuiandaa tu kunachukua asubuhi nzima. Mwalimu akainua uso kwa mara ya kwanza. "Mimi hunichukua nusu saa," akasema. "Tumpe." Wakaleta moja kutoka stoo, bado ina karatasi za plastiki.

Mdogo wangu, nilianza. Nikafungua dirisha jeusi. Nikasakinisha lugha. Nikaiita, ikasema haijulikani, nami sikushtuka, nikapaongeza mahali pake kwenye orodha, ikaitika. Nikasakinisha ile programu ya kutunza historia. Vidole vyangu ndivyo vinavyosikika. Dakika thelathini na tano.

Kisha programu ya historia ikaniuliza jina. Nikasita kidogo. Nikaandika jina la Bwana Mfumo, kamili, na cheo chake. Nikafanya lile zoezi la salamu, nikalituma. Nikamgeuzia afisa kioo.

"Naomba usome, imefanywa na nani?"

Afisa akasogeza miwani, akamtazama Bwana Mfumo. "Imefanywa na wewe."

"Mimi sijagusa!" akasema. Na ameketi pale, mikono juu ya meza, watu wote wanamwona.

"Lakini mfumo haudanganyi," nikamwambia. "Jina hili huliandika aliyeketi, akaweka lolote analotaka. Mimi mlinishtaki kwa ushahidi huu huu. Hakuna aliyeniuliza hata swali moja kuhusu kazi yenyewe."

Mwalimu akaziba mdomo kwa daftari. Bwana Mfumo uso ukambadilika rangi. Akasema huo ni mchezo, hauthibitishi kwamba najua chochote. Akafungua orodha ya namba za mafaili ya wagonjwa, elfu nne na zaidi, akasema, "Nitafutie zinazojirudia. Jibu ninalo."

Nikabadilisha jina kwanza, nikaweka langu. Kisha nikaandika programu. Si ndefu, mistari kumi na minne. Ikanipa namba kumi na saba.

"Umekosa," akasema, na sauti ikarudi kuwa tamu. "Ni kumi na sita."

Nikaiamuru ichape zote kumi na saba kwenye kioo. Nikamwomba azilinganishe na zake. Akalinganisha, akafika moja akakwama.

"Hiyo," nikamwambia, "imeandikwa mara mbili, ila ya pili ina nafasi tupu mwishoni. Programu yako imeziona ni namba mbili tofauti. Yangu inaondoa nafasi kwanza, maana nawajua makarani, tunabonyeza nafasi bila kujijua. Huyo ni mgonjwa mmoja mwenye mafaili mawili. Daktari akifungua hili, haoni dawa zilizoandikwa kwenye lile."

Afisa utumishi akafumbua macho kabisa. Akaandika namba ile kwenye karatasi yake. Mwishoni akasema kikao kimeridhika, tuhuma hazina msingi, nimefaulu.

Unadhani nilifurahi? Nilifurahi kwa dakika moja. Nikauliza, "Na ile barua ya tuhuma kwenye faili langu?" Bwana Mfumo akasema itabaki kwa ajili ya kumbukumbu, mfumo hauruhusu kuondoa waraka ulioingizwa. Kwa hiyo miaka kumi ijayo mtu atafungua faili langu akute nilituhumiwa udanganyifu, basi. Nikamwambia sikuombi uondoe. Naomba uandike na uweke juu yake kwamba ulikosea. Akasema atalifikiria.

Atalifikiria! Kunitia doa hakufikiria hata dakika mbili.

Nilitoka peke yangu. Ulikuwa wapi?

Dada yako

---

16 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Dada, niliwaandikia. Nilimwandikia Bwana Mfumo tarehe nne Aprili, siku mbili baada ya barua yako, kurasa mbili. Nilieleza kila kitu: kompyuta ilikuwa yangu, jina nililiweka mimi, majibu niliyafanya mimi bila kuombwa, na wewe uliyafuta siku ya kwanza ukaniita mwizi. Niliwaambia hata wazitazame kwenye historia tarehe na saa ambazo kila zoezi lilikuwa likifanywa kwenye mashine hiyo, wakati mimi niko kazini upande mwingine wa dunia. Alinijibu siku hiyo hiyo. Jibu lake nakupelekea kama lilivyo: "Imepokelewa. Itafanyiwa kazi."

Niliamini iko mezani pa kikao. Uliponiandikia "sijapata jibu lako", nilidhani unadai jibu langu kwako wewe. Na hilo sikuwa nalo. Kila nikianza, nikiandika shikamoo, vidole vinagoma. Niliona aibu kwa folda, na niliona aibu zaidi kwa barua ile ya useremala, kwa sababu niliiandika ili ikuume.

Kumbe uliingia kikaoni ukidhani nimekutupa. Na yule bwana aliketi mbele yako siku ile, barua yangu anayo, siku nane. Dada, sijui nifanye nini na hasira niliyo nayo. Niambie niandike kwa nani. Nitaandika kwa mkurugenzi, nitaandika kwa wizara, nitapanda ndege.

Mdogo wako

---

20 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba tena. Mama anakusalimu; anasema ukija uje na dawa ya goti na siyo kompyuta. Samahani kwa kimya cha mwezi mzima. Nilikuomba kwa simu usiandike kwa yeyote, ukanitii, na najua kulikuuma. Leo nakueleza kwa nini.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la barua zinazoingia. Tarehe nne Aprili hakuna kitu. Tano hakuna. Barua yako aliifungua, akaijibu, akaikalia. Aliniangalia nikiandaa mashine mbele yake kwa dakika thelathini na tano, na ukweli wangu uko ndani ya kompyuta yake. Nilitaka kumfuata ofisini nimpe vidonge vyake mbele ya watu. Nilishafika mlangoni. Nikarudi. Ningepiga kelele, angesema mama amepandisha jazba, ingeishia hapo.

Nikamwendea afisa utumishi na nakala ya barua yako uliyonitumia. Akaisoma amesimama. "Hii ilipaswa kuwa mezani kwangu," akasema. Akaiingiza kwenye daftari kwa mkono wake, kwa tarehe yake ya kweli.

Tarehe sita Mei nimeanza kazi yangu mpya, mtunza takwimu. Kazi ya kwanza aliyonipa mkurugenzi ni kulihamishia daftari la barua kwenye kompyuta. Nikalihamishia. Kisha nikaandika programu yangu ya kwanza isiyo zoezi. Kila siku saa mbili asubuhi inapitia barua zote zilizoingia hospitali, inachukua zile ambazo hazijafanyiwa kazi, inazipanga kuanzia iliyokaa muda mrefu zaidi, inaandika iko kwa nani na siku ngapi, halafu inachapa nakala moja kwa kila mkuu wa kitengo na moja kwa mkurugenzi. Nilimwomba ruhusa mkurugenzi. Akasema miaka yote alikuwa anatamani kitu kama hicho.

Tarehe kumi na tatu ikachapa kwa mara ya kwanza. Mstari wa juu kabisa ulisomeka: barua kuhusu tuhuma dhidi ya karani wa masjala, iko kwa mkuu wa kitengo, siku thelathini na tisa. Kesho yake siku arobaini. Kesho yake arobaini na moja. Wahudumu walianza kuulizana kwenye korido leo zimefika ngapi. Bwana Mfumo akaja mezani kwangu, akaniomba kwa sauti ya chini kama naweza kuuondoa mstari ule.

"Ukiijibu utaondoka wenyewe," nikamwambia. "Ndivyo ulivyo mfumo."

Siku ya arobaini na mbili aliandika. Nusu ukurasa: kwamba tuhuma ilikuwa ya makosa, kwamba alipokea ushahidi kabla ya kikao akauzuia, na kwamba anaomba radhi. Ametia sahihi. Nimeiweka mwenyewe kwenye faili langu, juu ya ile ya tuhuma, nikaipa namba.

Sasa langu na wewe. Nilichukua fomu bila kukuuliza. Nilijua unataka useremala. Nilikuona ukirudi na vumbi la mbao kwenye nywele, umefurahi. Niliogopa utakuwa maskini, basi nikaandika jina lako kwa mkono wangu, nikajiita mwenye kuona mbali. Nilichokasirikia kwako ndicho nilichokufanyia, na mimi nilifanya kikubwa zaidi. Nisamehe, mdogo wangu. Sikuandikii haya ili unijibu upesi. Chukua muda wako.

Nimekuuliza mambo mengi katika barua hizi, ila hili nilipaswa kukuuliza ulipokuwa na miaka kumi na minane, na sikukuuliza. Wewe unataka nini?

Dada yako